Pesa ya serikali kwa utafiti wa anga chuoni: ubishe hodi mlango upi?

Mwezi uliopita mhadhiri kijana wa uhandisi alinipigia simu. "Shikamoo mwalimu," akasema. "Mkuu wa idara amekubali. Tunataka kurusha setilaiti yetu. Tuombe pesa wapi?"

Nikaitikia marahaba, kisha nikamuuliza: hiyo pesa unataka ilipie nini? Akanyamaza kidogo. Majibu alikuwa nayo mengi mno. Ilipie paneli za jua, betri, redio, nauli za wanafunzi wawili, mashine ya kutikisia, leseni ya masafa ya redio na roketi yenyewe. Alikuwa anaamini kwamba kuna mfuko mmoja mahali fulani unaobeba vyote hivyo.

Haupo. Iko mifuko kadhaa, na kila mmoja una kitu unacholipia na vingine usivyovigusa kabisa. Nimeona idara zikiishia njiani huku zina pesa benki, kwa sababu pesa iliyopatikana haikuwa ya kuziba pengo lililokuwepo. Nimekaa miaka mingi upande wa waombaji, na mara chache upande wa wanaosoma maandiko ya waombaji. Kwa hiyo naiweka hapa milango mitano ubavu kwa ubavu, na nitasema wazi upi ningeuendea mimi ningekuwa mahali pako. Naandika hasa kwa ajili ya idara za fizikia, uhandisi na jiomatiki (sayansi ya upimaji na ramani) za vyuo vikuu vya Afrika Mashariki.

Japani: milango miwili inayochanganywa

Tarehe 11 Mei 2018, setilaiti ya kwanza ya Kenya ilisukumwa nje ya Kibo, chumba cha Japani kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Iliitwa 1KUNS-PF, kijisanduku cha sentimita 10 kila upande, kazi ya Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma. Ilipitia KiboCUBE, mpango ulioanzishwa mwaka 2015 na JAXA, wakala wa anga za juu wa Japani, kwa kushirikiana na UNOOSA, ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia mambo ya anga za juu. Nairobi ndicho chuo cha kwanza duniani kuchaguliwa katika mpango huo.

Watu wakisikia KiboCUBE husikia pesa, na hapo ndipo kosa linapoanzia. KiboCUBE inatoa nafasi ya kupanda. Japani inabeba gharama ya roketi na ya kuitoa setilaiti nje ya kituo. Kuisanifu, kununua vifaa, kuijaribu, kuiombea masafa, kuisafirisha hadi Japani na kujenga kituo cha ardhini cha kuisikiliza, yote hayo ni juu ya chuo. Nairobi ilikuwa na Waitaliano ubavuni, na urafiki huo haukuanza jana. Wapo Malindi tangu miaka ya 1960, na kutoka kwenye jukwaa lao la San Marco baharini ndipo iliporuka Uhuru, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza mionzi ya eksi kutoka angani, tarehe 12 Desemba 1970. Chuo kisicho na rafiki wa namna hiyo kinaweza kujikuta kimekata tiketi ya basi na mzigo haujafungwa.

Tena sanduku lolote halipokelewi hivi hivi. Setilaiti hii inapita ndani ya nyumba wanamoishi binadamu, kwa hiyo ukaguzi ni mkali. Betri zithibitishwe kuwa hazivimbi wala hazivuji. Kingo zisikate mkono wa mwanaanga. Ziwepo swichi za kuizuia isijiwashe ingali ndani. Ikishatoka, ingoje dakika 30 kabla ya kukunjua antena na kuanza kutangaza. Kila sharti lina karatasi yake, na karatasi nyingi zinadai kipimo kilichofanywa kwenye mashine. Kama chuo chako hakina meza ya mtetemo wala chombo cha ombwe, kisichobakiza hewa ndani, utakodi kwa wenye navyo, mara nyingi ng'ambo, na hela hiyo haimo ndani ya KiboCUBE.

Tazama nchi mbili zilizopita mlango huo huo baada ya Kenya. Guatemala, kwa setilaiti yake Quetzal-1 iliyotolewa Aprili 2020, iliwaachia walimu na wanafunzi wa Universidad del Valle kazi ya kuisanifu na kuiunda. Iliwachukua miaka. Ilifanya kazi miezi kama saba, na baadaye wakaweka michoro na programu zake hadharani, mtu yeyote azichukue. Mauritius ilikwenda vingine. MIR-SAT1, iliyotolewa Juni 2021, iliundwa kwa msaada wa AAC Clyde Space, kampuni ya Scotland yenye uzoefu. Tiketi ilikuwa ile ile. Mauritius ilipunguza hatari, Guatemala ikapata mikono. Sisemi Mauritius ilikosea. Nchi ndogo inayotaka kuanza salama ina haki ya kununua uzoefu. Lakini ukiwa chuo, na kazi yako ni kufundisha, Guatemala ndiyo somo lako.

Mlango wa pili wa Japani ni BIRDS, wa Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, mjini Kitakyushu. Hapa mpango unawachukua watu. Nchi au taasisi inapeleka vijana wachache, wanajiandikisha shahada za juu pale Kyushu, na ndani ya muda wa miaka miwili hivi wanapita hatua zote: kuamua kazi ya setilaiti, kuisanifu, kuiunga, kuijaribu, kuikabidhi, kuiendesha. Setilaiti za nchi shiriki hufanana umbo na mifumo, na vituo vya ardhini vya nchi hizo husaidiana kuzisikiliza. Awamu ya kwanza, mwaka 2017, ilikuwa na Ghana kupitia All Nations University College na Nigeria kupitia chuo kikuu cha teknolojia cha Akure. Awamu ya tano ndiyo iliyoileta Uganda: serikali ilipeleka wahandisi watatu, na PearlAfricaSat-1 ikarushwa tarehe 7 Novemba 2022 pamoja na ZIMSAT-1 ya Zimbabwe, kisha ikatolewa kwenye kituo tarehe 2 Desemba. Kituo chake cha ardhini kikawekwa Mpoma, Mukono. Rwanda ilipita njia inayokaribiana na hiyo kwa RWASAT-1, iliyotengenezwa kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Tokyo na kutolewa angani Novemba 2019.

Kwa hiyo ukiviweka pamoja: KiboCUBE inalipia safari ya kifaa, BIRDS inalipia, kwa lugha ya kawaida, safari ya akili. KiboCUBE inataka uwe tayari una karakana. BIRDS inakuazima karakana ya mwingine. Nchi yako inachangia ushiriki wa BIRDS, kwa hiyo bila barua ya wizara usijisumbue, wakati KiboCUBE chuo kinaweza kuomba kikisimama kwa miguu yake chenyewe.

Udhaifu wa BIRDS unaonekana baadaye, siku kijana anaporudi nyumbani. Ameishi miaka miwili kwenye maabara yenye kila bisibisi, sasa anarudi kwenye idara yenye meza mbili na risasi ya kuchomelea iliyokwisha. Asipokuta mahali pa kuweka mikono yake, ataondoka. Ndiyo maana mimi nikiona andiko la kumpeleka mtu BIRDS ambalo halina bajeti ya meza ya kazi atakayoikuta akirudi, nalirudisha. Na jambo moja jema ambalo wengi hawalijui: mfumo wa msingi wa setilaiti za BIRDS umewekwa wazi mtandaoni, michoro na programu. Idara inaweza kuanza kuusoma leo bila kumwomba mtu yeyote kitu.

Wizara au wakala wa anga: kununua setilaiti au kulea chuo

Hapa pesa ni nyingi zaidi na swali ni gumu zaidi.

Taifa-1 ya Kenya ilirushwa tarehe 15 Aprili 2023 kutoka Vandenberg, California, kwa roketi ya SpaceX. Iligharimu takriban shilingi milioni 50 za Kenya. Iliandaliwa na SayariLabs ya Kenya pamoja na EnduroSat ya Bulgaria chini ya KSA, wakala wa anga za juu wa Kenya uliozaliwa mwaka 2017. Nchi ilipata setilaiti yake ya kwanza ya kutazama ardhi, ikapata wahandisi walioshika kazi ya kweli, na watu wakaitazama ikipaa baada ya kuahirishwa mara kadhaa. Nilifurahi kama wengine. Lakini pale mtafiti mkuu hakuwa mhadhiri, na kifaa hakikuundiwa kwenye benchi la chuo. Ulikuwa mradi wa taifa. KSA imetoa pia ruzuku za utafiti kwa vyuo, ila hizo ni ndogo zikilinganishwa na gharama ya chombo kinachoruka.

Weka kando yake Cape Town. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Cape Peninsula kilirusha ZACube-1 Novemba 2013, mchemraba mmoja tu, wenye kifaa cha kusaidia wachunguzi wa hali ya anga ya juu walioko Hermanus. Desemba 2018 ikafuata ZACube-2, yenye ukubwa wa michemraba mitatu, kazi yake mojawapo kupokea ishara za utambulisho za meli baharini. Januari 2022 zikaruka tatu kwa mpigo, MDASat, za kazi hiyo hiyo ya meli. Wizara ya sayansi ya Afrika Kusini iliwekeza randi milioni 27 kwa miaka mitatu kuziunda. Chuo ni kile kile, walimu wengi ni wale wale, wanafunzi wa ya kwanza wakawa wahandisi wa ya pili.

Tofauti ninayoiona mimi kati ya mifano hii miwili haiko kwenye kiasi cha pesa. Iko kwenye ngazi. Serikali ya Afrika Kusini ilikuwa na haja yake yenyewe, kujua meli gani ziko kwenye maji yake, ikaipeleka haja hiyo chuoni na kuilipia hatua kwa hatua kwa karibu miaka kumi. Chuo hakikuomba "tusaidieni tufanye utafiti wa anga". Kiliuza jibu la swali la serikali.

Nasi maswali tunayo tele. Pwani yetu kutoka Kiunga hadi Mtwara ina meli zinazovua bila ruhusa. Ziwa Viktoria lina gugu maji linalofunga mialo. Wafugaji wa kaskazini wanahitaji kujua nyasi ziko wapi kabla mifugo haijaanza kudondoka. Ukiandika andiko la wizarani, anza na swali la waziri, halafu ufike kwenye setilaiti ukurasa wa nne, si wa kwanza. Na uombe ngazi: kifaa cha mezani mwaka wa kwanza, puto la kupaa juu mwaka wa pili, chombo cha kuruka baadaye. Wizara hazipendi hivyo, kwa sababu puto halina picha nzuri ya gazeti. Shikilia hapo hapo.

Hatari ya mlango huu unaijua: uongozi ukibadilika, kipaumbele kinabadilika, na fungu lililopitishwa linaweza kukatwa katikati ya mwaka. Jilinde kwa kugawa mradi vipande ambavyo kila kimoja kina matunda yake hata kingine kisipokuja.

Mfuko wa taifa wa utafiti

Kenya ina Mfuko wa Taifa wa Utafiti, NRF, uliowekwa na Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013. Sheria hiyo inasema Hazina iupe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka wa fedha. Kinachofika ni sehemu ndogo mno ya hapo. Tanzania ina MTUSATE, mfuko ulio chini ya COSTECH, tume iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Uganda ilichagua njia nyingine ninayoipenda: ilianza kuipa Makerere fungu maalumu la utafiti, shilingi bilioni 30 za Uganda kwa mwaka, na chuo chenyewe kikaligawa kwa watafiti wake kwa ushindani.

Kwa utafiti wa anga mifuko hii ina kasoro moja kubwa na faida moja kubwa. Kasoro: unashindana na mtafiti wa malaria na mtafiti wa mbegu za mahindi mbele ya jopo lile lile, na kusema kweli kwenye jopo hilo hoja yake inaeleweka kwa urahisi kuliko yako. Faida: pesa ni ya nyumbani. Haikuambii uchunguze nini wala vifaa ununue nchi gani, na matokeo ni yako. Inakubali pia kulipia vitu vidogo visivyovutia, ambavyo ndivyo vinavyojenga maabara: masomo ya mwanafunzi wa uzamili, mashine ya kupimia mawimbi ya redio, zulia la kuzuia umeme tuli.

Kuna jambo la saa ambalo halimo kwenye tangazo lolote. Mwaka wetu wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni. Ruzuku inaweza kutangazwa Oktoba, mkataba ukasainiwa Januari, pesa ikaingia Machi, na manunuzi ya umma nayo yana siku zake. Mwaka mmoja tuliagiza mashine ya kupimia mawimbi kutoka nje. Ilifika uwanja wa ndege, ikakaa wiki kumi na moja kwa sababu barua ya msamaha wa kodi ilikuwa na jina la idara na hati ya mzigo ilikuwa na jina la chuo. Nilikwenda pale mara nyingi hata mlinzi akawa ananiita kwa jina. Ilipotoka, mwanafunzi aliyekuwa aitumie alikuwa amebakiza miezi miwili ya masomo. Aliandika tasnifu yake kwa vipimo vya kuazima.

Tangu siku hiyo, katika kila andiko la mfuko wa ndani naweka vitu vya aina mbili tu: watu, na vifaa vinavyopatikana nchini au vinavyoweza kuagizwa kabla ya Desemba. Vifaa vikubwa vya kutoka nje navipeleka kwa mfadhili mwenye utaratibu wa kununua yeye mwenyewe na kukabidhi.

Utafiti wa anga bila kurusha chochote

Mlango huu ndio unaodharauliwa, na ndio ulio wazi zaidi.

Serikali ya Marekani iliziweka picha za ardhi za setilaiti za Landsat bure kwa watu wote mwaka 2008. Umoja wa Ulaya unatoa bure picha za Sentinel. Zile za Sentinel-2 zinaonyesha kitu cha mita 10 na hurudi juu ya shamba lile lile kila baada ya siku tano hivi setilaiti zake mbili zikiwa kazini. Ukiangalia vizuri, hiyo ni ruzuku ya serikali kwa utafiti wa chuo chako, na haina fomu ya kuomba. Mabilioni ya dola na yuro yameshalipwa. Kilichobaki ni kompyuta, intaneti, na mtu anayejua anatafuta nini.

Kwa eneo letu kuna RCMRD, kituo cha kikanda cha upimaji ramani kilichopo Kasarani, Nairobi, tangu mwaka 1975, ambacho kimekuwa mlango wa programu za nje kama GMES na Afrika, inayofadhiliwa na Umoja wa Ulaya kwa kushirikiana na Umoja wa Afrika. Kwa upande wa falaki ya redio, yaani kuchunguza anga kwa mawimbi ya redio, kuna DARA, mradi ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Leeds kwa fedha ya serikali ya Uingereza, ambao umefundisha vijana wa nchi shirika za SKA, darubini kubwa ya redio ya kimataifa, Kenya ikiwa mojawapo.

Ila pesa ya serikali ya mwingine hufuata siasa za huyo mwingine. Uingereza ilipopunguza msaada wake wa nje, mwezi Machi 2021 UKRI, chombo kinachosimamia mabaraza ya utafiti ya nchi hiyo, ilitangaza pengo la pauni milioni 120 kati ya fedha iliyopewa na ahadi ilizokwisha kuweka. Miradi iliyokuwa katikati ikakatwa. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai USAID haikuwepo tena kama wakala. Watu waliokuwa na mikataba iliyosainiwa walirudi nyumbani na kompyuta zao. Picha za Landsat, hata hivyo, ziliendelea kupatikana siku ile na kesho yake. Kwa hiyo tofautisha mshahara wa mradi na data ya mradi. Data ya bure jengea mtaala. Mshahara wa mfadhili wa nje jengea kazi yenye mwisho.

Na usiseme huu si utafiti wa "kweli" wa anga. Nimewasikia wahandisi wenzangu wakisema hivyo mbele ya wanafunzi wa jiomatiki, na inaniuma. Mwanafunzi anayeonyesha kwa picha za miaka kumi jinsi mikoko ya delta ya Rufiji inavyosogea amefanya sayansi ambayo setilaiti ya sentimita 10 haiwezi kuifanya.

Hata upande wa redio kuna pa kuanzia bila mfuko wowote. Jioni moja niliwapandisha wanafunzi sita juu ya paa la jengo la idara. Walikuwa na antena waliyoiunda kwa bomba la plastiki la maji na vipande vya futi ya chuma ya fundi seremala, na kipokezi kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta ambacho bei yake haifiki ya simu ya kawaida. Tulijua setilaiti ndogo ya chuo fulani ingepita saa kumi na mbili na dakika kadhaa, juu yetu kwa kama dakika kumi. Binti mmoja akashika antena, akaielekeza kusini magharibi. Hakuna kitu. Akaizungusha mkono kidogo, na ghafla zikaja alama za Morse, nyembamba, sauti ikianza juu na kuteremka taratibu kwa sababu chombo kilikuwa kinatukaribia kisha kinatuacha kwa kasi ya zaidi ya kilomita saba kwa sekunde. Hakuna aliyesema neno mpaka ilipopotea. Kisha wote wakasema kwa wakati mmoja.

Rekodi ya jioni ile, na jedwali la mapito mengine thelathini waliyoyanasa baadaye, niliiweka kwenye andiko la mfuko wa ndani kama kiambatisho. Mjumbe wa jopo aliniambia baadaye kwamba hicho ndicho walichokijadili kwa muda mrefu zaidi.

Basi, nani aende wapi

Kama idara yako haina mtu hata mmoja aliyewahi kuunda kitu kilichoruka, achana na KiboCUBE kwa sasa. Anza na paa na data ya bure mwaka huu, omba mfuko wa taifa kwa ajili ya meza ya kazi na wanafunzi wawili wa uzamili, na wakati huo huo anza kumshawishi mkuu wa chuo aandike wizarani kuhusu mpango wa mafunzo kama BIRDS. Utaona uvivu wa kuandika barua. Andika wewe, yeye asaini.

Kama tayari una kijana mmoja au wawili waliorudi kutoka Kitakyushu, Roma au kwingineko, na wana mahali pa kukaa, hapo KiboCUBE inakuwa na maana. Lakini usitume ombi kabla ya kuwa na barua ya pesa ya kuunda chombo, hata kama ni nusu. Tiketi ina tarehe. Mimi ningeunganisha: tiketi ya Japani, pesa ya kuunda kutoka wizara au wakala wa anga, wanafunzi kwa mfuko wa taifa. Milango mitatu kwa kazi moja ni usumbufu wa ripoti tatu na wakaguzi watatu, na bado ni afadhali kuliko kulazimisha mmoja ubebe usichoweza.

Kama idara yako ni ya jiomatiki, misitu, kilimo au bahari, sioni kwa nini uote kurusha chombo. Pesa utakayoipata iweke kwenye watu, intaneti nzuri, na safari za shambani za kuhakiki kile picha inachodai. Safari hizo ndizo bajeti za nje husahau na mifuko ya ndani hulipa.

Na kama una sikio la waziri, usimwombe setilaiti. Mwombe miaka saba.

Yule mhadhiri kijana nilimwambia haya kwa kirefu kuliko hapa. Akauliza, kesho asubuhi nianze na nini? Nikamwambia aandike kwa mamlaka ya mawasiliano ya nchi yake, TCRA, CA, UCC au yoyote ile, aulize utaratibu wa kusajili masafa ya setilaiti ya chuo na unachukua muda gani. Barua hiyo haina gharama. Uratibu wa masafa, hadi kwa vyama vya redio za ridhaa na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, unakwenda kwa miezi mingi, na hakuna mfadhili hata mmoja kati ya hawa anayeweza kuununua uende haraka. Leo asubuhi amenitumia picha ya barua ikiwa na mhuri wa kupokelewa.